Punje 14: shajara ya dodoso la afya ya akili mitaani Mbeya

Hii ni kumbukumbu ya kazi ya watu sita: mimi, muuguzi wa afya ya akili ninayesoma shahada ya pili, daktari anayenisimamia, na wahojaji wanne. Lengo ni dogo. Tunataka dodoso la Kiswahili la kupima sonona (kwa Kiingereza, depression) ambalo mtu wa Mwanjelwa na mtu wa Iziwa wakiulizwa, wote wawili wasikie swali lilelile. Naandika kila hatua inapoisha ili atakayefanya kazi kama hii Iringa, Songea au Sumbawanga asilipie makosa tuliyokwisha kuyalipia sisi. Habari za nani ana sonona na nani hana hazimo humu. Tulichokuwa tunapima ni maswali.

6 Mei 2024: makaratasi

Kibali cha maadili, barua ya chuo, ya mkoa, ya jiji, ya kata nne, ya mitaa. Hakuna la kusimulia hapo ila ushauri mmoja: toa nakala za kila barua iliyogongwa muhuri kabla hujaondoka dirishani, maana kila ofisi inabaki na moja, na ile ya mwisho utaililia. Ada, nakala na nauli za kufuatilia: shilingi 380,000.

Mtu aliniuliza kwa nini si kijijini, ambako ukoo mmoja unaongea lugha moja na kazi ingekuwa rahisi. Jibu ni hilohilo: mjini watu wamechanganyika. Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Mbeya na watu 385,279. Ya 2022 ikakuta 541,603. Hao zaidi ya laki na nusu hawakuzaliwa wote Meta, hospitali yetu ya wazazi. Katika uwanja mmoja wa nyumba ya kupanga Mafiati nimekuta Mkinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama wa Kinyakyusa kutoka Kyela anayeuza mchele, kijana wa Mbozi anayeendesha bajaji, binti wa Sumbawanga anayesuka nywele, na mwenye nyumba Msafwa anayekumbuka eneo lile likiwa shamba la mahindi. Wote wanaongea Kiswahili kutwa. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba basi wanaongea Kiswahili kimoja.

20 Mei: kuchagua dodoso na kulitafsiri

Tulikuwa na machaguo matatu. SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 20 ya ndiyo au hapana, rahisi kuuliza. Lipo pia dodoso lililotengenezwa Dar es Salaam na Profesa Sylvia Kaaya na wenzake kutokana na namna watu wa huko wanavyoeleza wenyewe mateso yao, na mimi nililipenda. Tukaangukia PHQ-9, iliyochapishwa Marekani mwaka 2001: maswali tisa, alama kutoka 0 hadi 27, na 10 ndicho kizingiti kinachotumika sana. Sababu haikuwa ubora. Ndilo matabibu wengi wanalolijua, na ukimwandikia daktari kwamba mtu amepata 16 hakuulizi maana yake.

Tulifanya kama vitabu vinavyoelekeza. Mtafsiri mmoja akaweka kwa Kiswahili, wa pili ambaye hajaona Kiingereza akalirudisha, tukalinganisha. Vilioana vizuri mno. Tafsiri mbili, shilingi 200,000 kila moja. Nilikwenda kulala nikijipongeza.

10 Juni: siku ya kwanza Mafiati

Kabla ya kuuliza watu wengi tuliuliza 12 tu, na baada ya kila swali tukamwomba mtu aeleze kwa maneno yake alichoulizwa. Naomba yeyote anayesoma haya asiruke hatua hii hata akiwa na tafsiri iliyobarikiwa na maprofesa. Yaliyotokea:

Dodoso linaanza, "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na..." Mzee wa kwanza alinikatiza hapohapo: "Sijasumbuliwa na mtu, mwanangu. Majirani wema." Nilidhani ni yeye. Wa tatu akasema hivyohivyo. Wa tano akataka kujua kama tumetumwa na balozi wa nyumba kumi kusuluhisha ugomvi wa choo.

Swali la kwanza linahusu kukosa hamu au raha ya kufanya mambo. Mama mmoja alitutazama kwa huruma: "Mimi nimeokoka. Raha za dunia nilishaziacha." Kwenye fomu hilo ni alama 3. Kwenye maisha yake ni ushuhuda.

Swali la tano ni hamu ya kula. "Hamu ipo," akasema kuli mmoja wa soko la Sido, "chakula ndiyo hakipo." Mhojaji wangu, binti makini kabisa, akabaki ameshika kalamu hewani. Aandike nini?

La nane linauliza kama umekuwa ukitembea au kuongea polepole kiasi cha watu kugundua, au kinyume chake, kuhangaika usitulie. Hapo kuna maswali mawili ndani ya moja, na lile la kwanza kwa mama wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri ni sifa. Kuongea polepole ni adabu. Alijibu "karibu kila siku" huku akitabasamu.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni majibu. Majibu ya PHQ-9 ni manne, na la tatu tulilitafsiri "zaidi ya nusu ya siku". Tulimaanisha kati ya siku 14, siku zaidi ya saba. Kijana wa bajaji alisikia alichotakiwa kusikia mtu yeyote mwenye masikio: kutwa nzima imegawanywa, na anaulizwa kama amekuwa hivyo tangu asubuhi mpaka baada ya saa sita mchana. Alieleza vizuri kabisa: "Asubuhi nakuwa na mawazo, mchana abiria wakizidi nasahau." Kwa hiyo si zaidi ya nusu ya siku. Akajipa "siku kadhaa", ingawa hali hiyo humjia kila siku tangu Machi.

Nilirudi kwenye tafsiri ya kurudi nione ilikuwaje. Yule mtafsiri wa pili alikuwa ameandika Kiingereza sahihi kabisa, "zaidi ya nusu ya hizo siku". Bila shaka alishaona madodoso ya namna hii maishani mwake, akajua tulichokusudia, akaturekebishia bila kutuambia. Ujuzi wake ndio uliotuficha kosa. Tangu siku hiyo, anayerudisha tafsiri zetu ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ambaye hajawahi kuona dodoso la hospitali. Tafsiri yake ya kwanza ilikuwa mbaya na ilitufaa sana.

1 Julai: maharage

Wiki mbili za kuhangaika na maneno. "Zaidi ya siku saba" ilieleweka, ila watu hawakukumbuka. "Mara nyingi" kila mtu ana yake. Tulijaribu kuchora glasi nne za maji, kutoka tupu hadi iliyojaa. Wazee wakadhani tunawauliza habari za mgao wa maji.

Aliyetuokoa ni mama muuza maharage pale Mwanjelwa, ambaye tulimwomba tu tukae kwenye benchi lake. Alipomsikia mhojaji akibabaika, akachota maharage kiganjani na kumwambia mteja wetu, "Hizi ni siku. Toa zile mbaya." Basi.

Sasa tunafanya hivi. Kifuko cha kitambaa kina punje 14. Mhojaji anazimwaga mezani au kwenye kanga, anasema: "Hizi ni siku za wiki mbili, zinazoishia jana. Nitengee siku ambazo ulikosa usingizi." Mtu anatenga, mhojaji anahesabu. Punje 0 au 1 ni alama 0. Punje 2 hadi 6 ni alama 1. Punje 7 hadi 11 ni 2. Punje 12 hadi 14 ni 3. Muda wa dodoso zima umepanda kutoka dakika 9 hadi kama 20. Silalamiki. Mtu akishika punje ananyamaza, anafikiri, halafu mara nyingi anasema jambo ambalo hakuulizwa. Bibi mmoja alitenga punje nne, akairudisha moja. "Hiyo siku mjukuu alikuja."

Hapo pia tulikosea. Mfuko wa kwanza tulinunua maharage mchanganyiko kwa kuwa ni ya bei nafuu. Mama mmoja akatenga mekundu yote upande mmoja, meupe upande mwingine, akaniambia mekundu ni siku alizogombana na mume. Ni mfumo mzuri kuliko wetu, ila hauna alama. Tumia maharage ya rangi moja. Tena usitandaze punje barabarani penye watu: pale kijiwe cha bodaboda karibu na Kabwe walikusanyika vijana tisa kwa dakika mbili, wakidhani ni kamari, na mmoja akaweka elfu mbili.

Maneno mengine tuliyobadilisha kwa ufupi: "umesumbuliwa na" ikawa "umepitia", "raha" ikaondoka, tukauliza kama mambo ambayo kwa kawaida mtu anapenda kuyafanya, kuimba kwaya, kwenda sokoni, kucheza na watoto, sasa anayafanya kwa kujilazimisha, hamu ya kula inatanguliwa na, "Chakula kikiwepo mbele yako..." Swali la nane tumelipasua, kisha tunachukua alama ya upande uliozidi. Neno "sonona" tumelitoa kwenye utangulizi wote. Wahudumu wa afya wanalijua, mitaani ni la redioni. Watu hawana sonona, wana mawazo. "Nina mawazo" kwa Mbeya inabeba deni, msiba, ndoa, kukosa usingizi na ugonjwa wenyewe vyote kwa pamoja, kama vile Washona wa Zimbabwe wanavyosema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Kwa hiyo tunaanza na mawazo, halafu tunachambua.

15 Julai: fomu 17 kwenye takataka

Hii ni aibu yangu peke yangu. Nilifurahia maharage kiasi kwamba tuliendelea kuyatumia siku mbili na nusu kabla sijaiandikia kamati ya maadili kwamba njia ya kuuliza na maneno yamebadilika. Msimamizi wangu aliponiuliza namba ya barua ya marekebisho, sikuwa nayo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Unajua la kufanya, mdogo wangu." Nilijua. Mahojiano 17 hayatumiki. Wahojaji wanne kwa siku mbili na nusu ni 250,000, sabuni 59,500, na sasa tunasubiri barua. Watu 17 walitupa saa zao na siri zao, nami nikazifuta. Nilipita kwa wote niliowapata kuwaeleza. Mmoja alicheka. Mmoja hakunikaribisha ndani.

29 Julai: kugonga hodi

Wakati tunasubiri barua tulijaribu njia ya kuchagua nyumba, maana hilo halikuhitaji kumhoji mtu. Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa 2022 vilitupa moyo: kila nyumba ina namba, basi chagua namba kwa bahati nasibu. Kumbe kibao ni cha nyumba, si cha kaya. Nyumba moja ya Ilomba ina vyumba 11 na kila chumba ni kaya yake. Nyumba ya pili yenye geti ina watu watatu. Ukichukua mtu mmoja kila namba, wapangaji wanapotea kwenye utafiti, na hao ndio mji. Sasa tunachagua namba, kisha tunaorodhesha milango yote iliyo nyuma ya hiyo namba, kisha tunachagua mlango.

Kumpata mtu mmoja ndani ya mlango tulitaka kutumia jedwali la Kish, linalojulikana tangu 1949: unaandika watu wazima wote kwa umri, jedwali linakuambia umchukue yupi. Mbeya halikufika mbali. Ukianza kuuliza "humu mnaishi watu wangapi na wana miaka mingapi", utaulizwa wewe: wa mkopo? wa kodi? Frimasoni? Tukahamia swali jepesi: nani kati ya watu wazima wa humu siku yake ya kuzaliwa itakuja karibuni. Wazee wasiojua tarehe wanapigiwa kura ya punje.

Halafu kausha damu, mikopo midogo ya riba kubwa. Kwa wiki nzima wahojaji walilalamika kwamba Alhamisi wanawake wa Iyela hawafungui milango, redio inasikika ndani. Tuliwaza wamechoshwa na utafiti. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyetufumbua macho: Alhamisi ni siku ya marejesho ya mikopo midogo mtaani kwake, na msichana mwenye daftari na begi begani anayegonga mlango siku hiyo ni mtu mmoja tu: mdai. Hatugongi tena siku ya marejesho. Begi tumeacha, tunabeba kikapu. Kila mtaa una siku yake, ulizia kabla. Na jambo lenyewe ni la kitabibu pia: tukiuliza usingizi wa Jumatano usiku, mkesha wa marejesho, jibu si lile la Ijumaa.

Sabuni: mwanzoni tulimpa mche mmoja aliyekubali kuhojiwa, baada ya kumaliza. Majirani wakajifunza kukubali haraka na kujibu haraka zaidi. Sasa kila mlango uliochaguliwa unapata sabuni tunapofika, hata akisema hapana.

12 Agosti

Barua ya marekebisho imekuja. Wiki ya Nane Nane hatukufanya kitu. Watu wa Uyole wote walikuwa wanauza au wananunua kwenye maonyesho, viwanja vya John Mwakangale, na wahojaji pia. Baridi bado kali, mahojiano yanaanza saa nne jua likishika.

26 Agosti: nani amuulize nani

Tulipanga kwa busara ya vitabuni: Mnyakyusa amuulize Mnyakyusa, Msafwa amuulize Msafwa, watu watajisikia nyumbani. Wiki ya kwanza mhojaji wetu wa Kinyakyusa alirudi na fomu nyeupe kabisa, sifuri tupu. Nilikwenda naye. Alisalimia vizuri, mama akafurahi, akamwuliza baba yake ni nani, wa wapi, na baada ya dakika tano wakagundua kwamba shangazi wa mama kaolewa kijiji jirani na kwao, Rungwe. "Ndaga fijo," akasema mama, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa na tatizo lolote nyumbani mwake. Ningefanya hivyohivyo. Habari ya leo Ilomba kesho iko Tukuyu.

Tulipogeuza, dada wa Kisukuma akaenda kwa mama huyo huyo (kwa idhini yake, wiki mbili baadaye). Alikaa naye saa nzima.

Kwa hiyo kanuni yetu sasa: lugha ilingane, ukoo usilingane. Palipo na wazee wasio na Kiswahili cha kutosha, hasa Iziwa na Mwansekwa kule juu kwenye viazi, tunatumia wahudumu wa afya wa jamii wanaoongea Kisafwa lakini wanaoishi kata nyingine.

Mahali nako. Uwanja wa nyumba ya kupanga una masikio kumi na mawili. Tulidhani ukumbi wa ofisi ya mtaa ni suluhisho. Nani aseme mambo yake chini ya picha ya rais na mtendaji akipita kuchukua faili? Kilichofaa ni kutembea. Mhojaji anamsindikiza mtu kisimani au dukani, na punje zinatengwa ukingoni mwa barabara ya vumbi. Mkamwana mmoja wa Kinyakyusa hakuweza hata kukaa uwanjani wakati baba mkwe wake yupo, maana kwa mila hawapaswi kukutana uso kwa uso. Tulimngoja mzee aende kanisani.

23 Septemba: swali la tisa

Swali la tisa linauliza kama mtu amepitiwa na mawazo kwamba ni bora afe, au ajidhuru. Nilijua litakuwa gumu. Sikujua wapi.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kwa mkalimani. Kijana tuliyemtumia Mwansekwa aliliruka swali kila mara na kuandika "hapana". Alipobanwa alisema kwa uaminifu: "Siwezi kumwambia bibi neno hilo. Ni kumwombea mabaya." Wazee wawili, wahudumu wa jamii, ndio waliotunga njia yetu ya sasa. Wanaanza mbali: "Mtu akizidiwa na mawazo anaweza kutamani asingeamka kesho. Wewe hali hiyo umewahi kuipitia siku hizi?" Bibi anajibu bila kuona ametukanwa.

Ugumu wa pili: jibu la "ndiyo" lilikuwa jingi mno kwa wazee. Ukisikiliza, wanasema "Mungu anichukue tu nimechoka", kauli ambayo mama yangu mzazi huitamka kila magoti yakimuuma na kisha anakwenda kupalilia. Kutamani Mungu akuchukue na kupanga kujidhuru si kitu kimoja, na PHQ-9 imevifunga kwenye swali moja. Tumeongeza swali la pili, linaloulizwa tu baada ya "ndiyo": je, kuna siku wazo lilikuja la kujifanyia jambo baya wewe mwenyewe? Alama inabaki ya dodoso, lakini hatua tunazochukua zinafuata swali hili la pili.

Wa tatu ni wa sheria. Kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa. Watu wanajua. Mwenyekiti mmoja aliniuliza waziwazi kama fomu zitaishia polisi. Kwenye maelezo ya ridhaa sasa tunasema bila kuzunguka kwamba hatupeleki jina la mtu polisi kwa sababu ya jibu lake, na kwamba tukihofia maisha yake tutamwambia yeye kwanza, kisha tutamtafutia mhudumu. Wahojaji wawili waliogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo. Hakumpi, utafiti umelionyesha hilo mara nyingi, na wengi huonekana kutua mzigo wakiulizwa.

Wa nne ndio ulioniumiza. Mtu wa kwanza aliyejibu "ndiyo" kwa maswali yote mawili tulimpata Jumamosi saa kumi jioni. Utaratibu wetu ulisema: mpe karatasi ya rufaa kwenda kituo cha afya. Mhojaji alitoa karatasi, akaniandikia ujumbe, akaenda nyumba inayofuata. Nilipouona ujumbe ilikuwa usiku. Kituo kile, sitakitaja, hakikuwa na mtu wa afya ya akili mwishoni mwa juma, na Jumatatu alipofika alipangwa foleni chini ya kibao ambacho mtaa mzima unajua maana yake. Akarudi nyumbani. Yuko salama, nilikwenda mwenyewe Jumatatu hiyo jioni, nikamsindikiza kwingine kesho yake. Lakini karatasi ile ilikuwa njia yetu sisi ya kutoka pale, wala haikumsaidia yeye.

Sasa: hakuna mahojiano Ijumaa mchana wala Jumamosi. Mhojaji akipata "ndiyo" ya pili haondoki. Ananipigia hapohapo, akinikosa anampigia daktari, na mmoja wetu anaongea na mtu huyo kwa simu kabla mhojaji hajasimama. Tunamwuliza nani wa karibu anamwamini, tunamwita kwa ruhusa yake. Tunamsindikiza kwa bajaji, hatumpi karatasi. Safari za namna hiyo hadi leo zimegharimu 96,000, fedha ambayo haikuwa kwenye bajeti yoyote. Atakayeiga aiweke mstari wa kwanza.

21 Oktoba: simu, na uandikishaji

Tulihama kutoka karatasi kwenda simu mbili za mtumba zenye KoboCollect, programu ya kujazia fomu inayofanya kazi bila mtandao. Ni nzuri. Kosa nililolifanya ni kunakili fomu ya rafiki yangu ya utafiti wa kilimo bila kuipitia, nayo ilikuwa inachukua mahali ulipo kimyakimya. Kwa siku sita tulikuwa tumeweka alama ya mawazo ya mtu na mlango wake hadi mita chache kwenye faili moja. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 habari za afya ni nyeti, na ridhaa yetu haikutaja ramani. Tumefuta, tumeijulisha kamati kabla haijauliza (nimejifunza), na sasa majina yako kwenye daftari kabatini, majibu kwenye simu, namba tu ndiyo inayoviunganisha.

Kuanzia 11 hadi 20 Oktoba kulikuwa na uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa. Ukigonga hodi na orodha mkononi wiki hiyo, wewe ni mwandikishaji. Watu walitupa majina ya wake, watoto na wajukuu kabla hatujasalimia, wengine wakataka kujua chama chetu. Tulisimama siku ya tatu.

18 Novemba: tunafunga kwa muda

Kampeni zinaanza 20, kura ni 27. Wenyeviti waliotusainia barua huenda si watakaokuwapo Desemba, kwa hiyo barua za mitaa zinaanza upya. Hesabu hadi leo:

Ada, barua, nakala: 380,000
Tafsiri: 400,000
Mafunzo, mara mbili: 450,000
Posho za wahojaji wanne, siku 28 kwa 25,000: 2,800,000
Wahudumu wa jamii wawili, siku 12 kwa 20,000: 480,000
Daladala na bajaji: 615,000
Simu mbili: 460,000
Bando: 90,000
Sabuni, miche 160 kwa 3,500: 560,000
Kusindikiza wagonjwa: 96,000
Maharage kilo mbili na vifuko: 18,000

Jumla 6,349,000. Tulikuwa na milioni sita. Mwalimu aliyerudisha tafsiri hakukubali kulipwa, alitaka chai tu.

Kilichobaki ni kulinganisha: watu walioulizwa kwa punje waonwe na daktari ambaye hajui alama zao, ndipo tujue kama kizingiti cha 10 kinafaa Mbeya au kinahitaji kusogezwa. Hiyo ni kazi ya Februari, mvua ikiwa imejaa na kuli wa Sido akiwa hana mzigo, na najua swali la hamu ya kula litarudi kutusumbua.

Leo nimekusanya vifuko. Kimoja kina punje 13, na mhojaji anaapa kwamba kilikuwa na 14 asubuhi. Vingine viwili vimeingiwa na wadudu, punje zina matundu. Nitapita kwa yule mama wa Mwanjelwa ninunue kilo nyingine, za njano zote.